Siku Kivuli Kilipokataa Kuondoka

Hakuna aliyemlazimisha Madam Moureen Nyabate, mwalimu wa fizikia, kuahidi. Aliahidi mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba wazazi wakija shuleni siku ya mkutano wataona kivuli kikitoweka mchana kweupe. Saa sita kamili, alisema, mtasimama juani na hamtakuwa na kivuli cha kutosha hata kumficha siafu.

Shule yenyewe ni ndogo, ya wasichana, juu ya Kimulot mahali chai inapokutana na msitu wa Mau. Wanafunzi wa kidato cha pili walikuwa wakichagua masomo, na wazazi walikuwa wameanza kunong'ona kwamba fizikia inawashusha wasichana wao alama. Aliyeongoza minong'ono hiyo, kama mtu anaweza kunong'ona kwa sauti ya kuita ng'ombe, alikuwa mzee Kimeli, mkulima wa chai na maziwa. Kimeli ndiye baba yake Cheptoo, na Cheptoo ndiye msichana ambaye Moureen alimpenda darasani kuliko alivyokubali kusema. Tayari mzee alikuwa ametangaza kwamba binti yake ataacha fizikia. Ni yeye tu angeweza kulitangua neno lake.

Usimwone Kimeli kuwa mjinga. Alipoambiwa kwamba dunia inazunguka kwa kasi kuliko gari lolote, aliuliza mbona maziwa hayamwagiki kwenye mkebe.

"Mzee, maziwa yakiwa kwenye pikapu inayokwenda vizuri barabara ya lami, yanamwagika?" Moureen alimuuliza.

"Hapana. Yanamwagika dereva akifunga breki."

"Basi dunia haijawahi kufunga breki."

Kimeli alicheka mpaka akashika magoti, kisha akasema maneno ni matamu, ndiyo, lakini yeye anataka kuona kwa macho. Hapo ndipo Moureen alipojitia kitanzi. Alieleza kwamba sisi tuko kusini kidogo tu ya ikweta. Mara mbili kwa mwaka, Machi na Septemba, jua likivuka kutoka upande mmoja wa dunia kwenda mwingine, linapita juu ya utosi wetu hasa. Siku hiyo, likifika kileleni, kitu kilichosimama wima kinakanyaga kivuli chake.

Tarehe aliitafuta kwa uangalifu, akahakikisha na kuhakikisha tena. Saa hakuitafuta. Ya nini? Jua la utosi ni saa sita, hilo anajua kila mchuma chai, na baba yake Moureen, aliyezeeka akichuma kwenye shamba la kampuni, alikuwa akiweka kikapu chini saa hiyo hiyo. Angetaka kujaribu siku za kabla, lakini ukungu wa Mau ulikaa shuleni wiki nzima kama mgeni asiyejua kuaga.

Siku ya mkutano ukaondoka, kukawa na jua safi. Cheptoo alikuwa amesimika fimbo katikati ya uwanja tangu asubuhi. Alifunga jiwe kwenye kamba, akaining'iniza kutoka ncha ya fimbo ikawa timazi, kama anavyofanya fundi wa nyumba, kwa sababu jiwe likining'inia huelekea katikati ya dunia wala halijui kupendelea mtu. Fimbo ilifuata kamba kutoka juu mpaka chini. Ilikuwa imenyooka.

Saa sita ilipofika wazazi walikuwa wameizunguka, simu mkononi. Kivuli kilikuwepo. Kilikuwa na urefu wa shubiri nzima, kimelala majanini upande wa magharibi, kimetulia.

"Labda simu yangu inakimbia," alisema Mama Tecla, mwenyekiti wa wazazi, ambaye alikuwa mwema.

Wakangoja. Mtu akakohoa. Kivuli kilipungua kidogo, kwa uvivu, kama mtu anayesogea kwenye benchi bila kutaka kumpisha mwenzake.

"Kinaonyesha upande wa Kisii," mzee Kimeli akasema. "Madam, hiki kivuli kinaenda kwenu."

Watu wakacheka. Hakukuwa na ubaya ndani yake. Wakipsigis kama Kimeli na Wakisii kama Madam wametaniana tangu zamani, na Moureen mwenyewe ni mtani wa kutafutwa. Lakini siku hiyo kicheko kilimchoma. Alijiona tena mtoto wa laini, zile nyumba za wachumaji wa kampuni, amevaa sare ya kuazima, amesimama mbele ya wenye mashamba.

"Fimbo haijanyooka," akasema. "Cheptoo, uliisimamishaje?"

"Madam, nilipima na timazi."

"Nimesema haijanyooka. Inyooshe."

Cheptoo alimtazama. Ilikuwa ni kutazama kufupi, lakini Moureen alikuja kulikumbuka jicho hilo kuliko mengine yote ya siku ile. Kisha msichana akaishika fimbo kwa mikono miwili, akailaza kidogo upande wa msitu, upande jua liliko, polepole, mpaka kivuli kikamezwa na mguu wa fimbo. Alijua sana alichokuwa akifanya. Elekeza fimbo yoyote kwenye jua, saa yoyote, na kivuli chake kitatoweka. Moureen ndiye aliyemfundisha.

Makofi yakapigwa. Kamba ya timazi sasa ilining'inia mbali na fimbo, shubiri nzima pale chini, na yeyote mwenye macho angeona. Moureen akapiga hatua mbele, akaifungua ile kamba kama mtu anayepanga vitu, akaitia mfukoni pamoja na jiwe lake.

"Basi nimeona," mzee Kimeli akatangaza, mkono juu. "Cheptoo atasoma hii fizikia. Na anayesema ni ngumu aje kwangu tuongee. Kongoi, Madam, asante."

Wakaenda kula. Moureen alipewa sahani ya kwanza, akawekewa nyama ya ziada. Alijiambia ni jambo dogo. Msichana amepata somo lake, shule imepata somo lake, nani ameumia? Alijiambia mara nyingi, na jambo dogo haliambiwi mara nyingi hivyo.

Ilikuwa inakaribia saa saba kasorobo alipotoka nje kuepuka sifa, akatazama chini.

Hakuwa na kivuli. Miguu yake ilikanyaga weusi mdogo uliozunguka viatu, basi. Nguzo ya bendera haikuwa na kivuli. Milingoti ya goli haikuwa na kivuli. Katika uwanja mzima kitu kimoja tu kilitupa kivuli chake, shubiri moja, upande wa msitu, nacho kilikuwa ile fimbo waliyoipigia makofi.

Akaelewa papo hapo, na kuelewa kukamuumiza. Saa ya Kenya imepangwa kwa jua la huko mbali mashariki, nje kabisa ya mipaka yetu, upande wa Mogadishu. Dunia ikizunguka, jua hilo huchukua muda kufika Kimulot, na mwezi wa Machi huongeza uchelewaji wake mwenyewe kidogo. Hesabu rahisi. Mtoto angeifanya kama angeambiwa aifanye. Jua halikuwa limemwangusha hata kidogo. Lilikuwa linakuja kwa wakati wake, na yeye hakulingoja.

Cheptoo alikuwa amesimama karibu na jiko, sufuria mkononi, akitazama nguzo ya bendera. Alikuja kwa hatua ndogo.

"Madam, umeona?"

"Nimeona."

"Nisiseme?"

Aliuliza kwa adabu kabisa, kama anayeuliza chumvi iwekwe wapi. Moureen akaona aibu ambayo hakuwahi kuijua, hata siku ile aliyorudishwa nyumbani kwa kukosa viatu. Ile ya zamani alifanyiwa. Hii aliitengeneza mwenyewe, akamkabidhi mtoto amshikie.

Angeweza bado kukaa kimya. Mawingu yalikuwa yameanza kutoka Mau, na dakika chache mbele uwanja wote ungekuwa kivuli kimoja. Na akisema, mzee Kimeli angekuwa na kila haki ya kurudisha neno lake. Moureen akaenda mpaka mlango wa bwalo walimokuwa wakila.

"Wazazi, tokeni nje," akasema. "Tokeni sasa. Nimewadanganya."

Wakatoka na sahani zao. Aliwaonyesha miguu yao. Aliwaeleza kuhusu saa, kisha akafika kwenye sehemu ngumu, akaisema mbele ya wote: fimbo ya Cheptoo ilikuwa imenyooka tangu asubuhi, yeye ndiye aliyemwamuru aiinamishe, na yeye ndiye aliyeficha kamba. Akaitoa mfukoni wakaiona.

Alitarajia hasira. Hakuna aliyemsikiliza sana. Mama Tecla alikuwa akizunguka na kuzunguka akitafuta kivuli chake mgongoni, wamama wanacheka, mtu amesimamisha chupa ya soda chini na kuipiga picha. Ilikuwa nzuri kuliko alivyoahidi, na hilo nalo likamchoma. Hii ndiyo wangeiona kama angesema tu, "Tungojeni, labda nimekosea."

Mzee Kimeli peke yake ndiye aliyebaki amesimama mbele yake.

"Mambo ya saa, hata mimi ningekosea," akasema. "Hayo nimekuachia. Lakini nilipokuwa napiga makofi pale, huyu msichana wangu alikuwa anajua nadanganywa?"

"Alijua, mzee."

"Na alinyamaza kwa sababu ni wewe."

"Ndiyo."

Kimeli akahamishia sahani yake mkono wa pili. "Neno langu sirudishi. Fizikia atasoma, na ni wewe utamfundisha, hatuna mwingine. Lakini kunyamaza hivyo hakutoka nako nyumbani kwangu." Hakupandisha sauti. Akaenda kusimama na wengine.

Wingu la kwanza lilipofunika uwanja, watu wakarudi bwaloni wakiongea wote kwa pamoja. Cheptoo alibaki anang'oa fimbo. Moureen akamsogelea, akatafuta maneno, akapata moja tu.

"Pole."

"Si kitu, Madam." Msichana akafuta udongo kwenye ncha ya fimbo kwa kidole, akasita. "Ila siku nyingine nikiona kitu, nikuambie kwanza, ama niseme tu?"

"Sema tu," Moureen akajibu, lakini sauti ilikuwa ndogo hata Cheptoo hakusikia, ikabidi ainue uso, amtazame mtoto machoni, na aseme tena.