Gauni Lililopigwa Pasi

"Umepiga pasi wapi?"

Mama Maboksi akaacha kung'oa magugu. Msimamizi wa bustani alikuwa amesimama mbele ya tuta lake la mchicha, mikono kiunoni, akilikagua gauni lake kama mali ya wizi.

"Shikamoo, bosi. Jirani kaniazima pasi."

"Jirani?" Msimamizi akacheka puani. "Tangu lini mtu wa kulala nje akawa na jirani?"

Lo! Ulimi umeshamponza. Bustani ile ilikuwa ya wasio na makazi. Ndivyo wafadhili walivyotaka. Ukipata paa, unanyang'anywa tuta. Na Mama Maboksi paa alishapata, chumba cha mabati nyuma ya gereji, kodi yake ikitoka kwenye mchicha huohuo. Kila asubuhi alijipaka vumbi miguuni kabla ya kuja. Lakini leo bibi wa ustawi wa jamii angemleta binti yake kutoka kituo cha watoto. Sharti lilikuwa awe na chumba, awe na kazi, ndipo arudishiwe mwanawe. Sasa mama gani atampokea mwanawe na gauni la makunyanzi?

"Namaanisha mwenzangu tunayelala naye stendi, bosi."

"Wageni wetu wafadhili wako njiani. Wakikuuliza, unalala nje. Usinitie aibu."

"Sawa, bosi."

Alipoondoka, mzee wa tuta la pili akanong'ona, "Siku nyingine hilo gauni ulale nalo kwanza." Mama Maboksi akarudia magugu yake.

Wageni wakaja na kamera zao, wakausifu mchicha. Walikuwa bado wanausifu bibi wa ustawi alipoingia getini na mtoto.

"Mama!"

Akamkumbatia kwa mikono yenye udongo. Mtoto alikuwa amerefuka, na kichwa kimenyolewa.

"Taratibu, mama," bibi wa ustawi akasema, tena kwa sauti ya kusikika. "Kabla sijakuachia mtoto. Siku hizi unalala wapi?"

Msimamizi akakohoa. Wageni wakageuka. Mama Maboksi akamtazama msimamizi, akamtazama bibi wa ustawi, kisha akamtazama mwanawe.

"Nina chumba," akasema. "Kina mlango, kina kitanda."

Alingoja matusi. Msimamizi akapiga makofi.

"Mnaona, waheshimiwa! Huyu alikuja hapa hana hata mkeka. Leo ana chumba!" Wageni nao wakapiga makofi. "Na kwa utaratibu wetu, leo hii anampisha mwenzake mwenye shida zaidi."

Akalichukua jembe la Mama Maboksi.

"Bosi, mchicha wangu uko tayari. Niache nivune tu."

"Mchicha ni wa bustani, mama."

Bibi wa ustawi akashusha pumzi. "Kwa hiyo kazi huna."

"Si ndiyo hii, dada yangu! Umenikuta nailima!"

"Hii imeisha, nimesikia kwa masikio yangu. Chumba bila kipato, nitaandika nini? Sheria sikuitunga mimi. Ukipata kazi nyingine, njoo ofisini."

"Mama, tunaenda nyumbani?" mtoto akauliza.

Kabla hajajibiwa, mpiga picha wa wageni akainua mkono. Mama na mtoto wasogeleane, tafadhali, hapo kwenye mchicha, watabasamu kidogo. Bibi wa ustawi akauachia mkono wa mtoto, akasogea pembeni asiingie kwenye picha. Ilipokwisha kupigwa, akaushika tena.