Kasala ya Muzee Edouard

Bantu ba mu Lubumbashi banapitaka mbele ya biblioteki yangu, nyumba ya mabuku, bila kuangalia, sawa vile bananipitaka mi mwenyewe. Mwenye kuingia anauliza paka fasi ya kuchaji telefone tu. Namuonyesha mulango. Tangu bwana yangu alikufa, kuko siku nasema paka na viti tu, na sioni haya kuisema.

Ile asubui binti mumoja, Kapinga, akaingia, kitambaa cheusi ku kichwa. Baba yake, Muzee Edouard, alikufa, na mazishi njo ile siku. Kwao Kasai mutoto anasimamaka mbele ya sanduku la maiti na kusema kasala, yale majina ya sifa ya ukoo, ili bankambo, bazee balikufa zamani, bamutambue mwenye kufika. Kapinga iko mutoto mumoja tu, alizaliwa huku, Kiluba chake cha Kasai ni cha kusalimia tu. Kasala aliijifunza mu telefone. Alitaka fasi ya kimya ya kuirudilia.

Akaanza. Bwana yangu alikuwa Mukasai, vilio vyao nilikaa vingi. Majina nikayatambua, nikazania si ya kwao, hasira ikanipanda. Nikamuuliza baba yake iko wa ukoo gani. Bena Kapuya, akasema.

"Mwanangu, hii ni ya Bakwa Nsumba. Unamutuma baba kwa bantu bengine."

Akalia, masikini. Telefone haikudanganya, haikumuuliza tu yeye ni mutoto wa nani. Nikapanda ku kiti, nikashusha kabuku kembamba ka kasala za Kasai. Miaka yote ni miye tu niliyekuwa nakapanguza vumbi. Ya Bena Kapuya ilikuwa mule, lakini wadudu muswa walikula ukurasa wa mwisho. Tukajifunza ile iliyobakia. Kisha nikafunga biblioteki, nikamusindikiza. Nani angeuliza niko wapi?

Ku kilio bantu balikuwa bachache, wengine banachukua video. Kapinga akasimama, akasema muzuri. Akafika pale muswa walipoanzia. Majina yakaisha. Nilitamani udongo unimeze, juu buku ni langu na mutoto njo anapata haya mbele ya baba yake.

Hapo Muzee Faustin akainuka, fundi wa kushona, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Akashika sanduku kwa mikono mibili, akaendelea na kasala mu Kiluba, jina kwa jina, mpaka mwisho. Hakuna mwenye alijua kama iko Mukasai, tena wa Bena Kapuya. Tangu ile miaka ya kufukuza Bakasai huku Katanga, wengi balifunga kinywa, bakasema paka Kiswahili, hata mu nyumba.

Kapinga akamushika mukono. Mi nililia wazi. Muzee Faustin hakutuangalia. Aliinama ku sanduku.

"Edouard," akasema, "kila asubui nilikusalimia ku ukuta, na nilizania Mukasai hapa niko mi mumoja."