Mwanamke Ndani ya Betri

Jumatatu asubuhi, kabla wagonjwa hawajapanga foleni, Samira aliilaza betri ya mumewe juu ya meza ya eksirei, akaiweka sawa kama anavyoweka mkono uliovunjika, kisha akaenda nyuma ya kizuizi cha madini ya risasi, kinachozuia mionzi, akabonyeza.

Ilikuwa betri ya lithiamu ya kamera ya video. Mumewe, Miraji, aliinunua Dubai biashara ya nje ilipofunguliwa, wakati kila harusi kuanzia Ngamiani hadi Kigombe ilitaka kuwekwa kwenye kanda. Mwanzoni ilimaliza sherehe nzima. Siku hizi ilizima kabla wali haujapakuliwa.

"Hebu nitazamie inaumwa nini," alikuwa amemwambia.

Picha ya kwanza, aliyoipiga wiki kadhaa nyuma, ilionyesha upande wa chanya ukiwa na nyufa chache. Ya pili, nyufa zilikuwa zimetapakaa kama tope la mashamba ya chumvi likikauka. Katika hii ya tatu, katikati ya nyufa, aliketi mwanamke akijipaka hina miguuni.

Fanueli, mwenzake wa kazini, aliinua filamu ikiwa bado inachuruzika maji.

"Chanya imekwisha," alisema. "Na huyu dada kajibanza vibaya. Nani?"

"Tuhfa."

"Wa mtaa wa Chuda? Mwenye jenereta?"

"Huyo huyo."

Fanueli akaitundika filamu ikauke. "Betri huchakaa kwa kuchajiwa, Samira. Hii imechajiwa kuliko harusi zote za Tanga."

Umeme ulikuwa wa mgao, na Samira alijua Miraji anachaji kwa Tuhfa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiifunga betri kwenye leso safi ili isiingie vumbi njiani. Hakujua kwamba ilipelekwa hata siku zisizo na harusi, tena ikiwa imejaa. Kila alipofumba macho aliiona ile miguu na hina yake.

Alimwita Miraji aje kupigwa picha ya kifua, eti kikohozi chake kinamtia wasiwasi. Miraji akaja, akavua shati.

"Vuta pumzi. Izuie."

Mapafu yalikuwa safi. Juu ya ubavu wa mwisho Samira alijiona mwenyewe, amesimama, leso mkononi. Palikuwa na nafasi tele ya kukaa, ila hakuna aliyemkaribisha.

Alizibandika filamu zote mbili dirishani.

"Unamuoa lini?"

Miraji aliitazama ile ya betri kwa makini. "Kumbe ndiyo maana inazima," alisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwezi ujao, inshallah. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia."

Alinunua betri mpya. Siku ya harusi wanaume hawakuruhusiwa upande wa wanawake, na mwanamke aliyeijua kamera alikuwa mmoja tu. Samira alisimama mbele ya Tuhfa, akamrekodi tangu alipotolewa nje kuonyeshwa wageni, miguu hadi uso, huku akiiomba betri izime.

Haikuzima.