Bakuli la Hina Iliyolala

Nilisimama barazani kwa Bi Mwanakheri, Mkunazini, buibui limenirowa jasho, na bakuli la hina iliyoharibika nimelishika mbele kama ushahidi wa mahkamani.

Mwaka huo wa 1954 nilikuwa mpakaji hina wa maharusi, sina mume wala duka, nina mikono tu. Hina nikiitwanga na kuitia ndimu siku moja kabla ya siku niliyowekewa, nikakaa nyumbani kungoja kuchukuliwa. Ikishalala siku mbili haishiki tena rangi. Watu walizowea kubadili siku bila ya kuniarifu, nami nimeshaikatalia nyumba nyingine. Ndipo nikaweka sharti: anayechukua siku yangu asiitumie, alipe nusu ya ujira. Mtaa mzima ulinicheka, eti Tabia sasa anauza siku. Nilikasirika, na kwa hasira hizo nilikwenda kumdai wa kwanza, Bi Mwanakheri, aliyeichukua siku kwa harusi ya binti yake asitume mtu kunichukua.

Bi Mwanakheri alifungua mwenyewe. Nikamwamkia, nikaanza khutuba yangu, naye akaniacha niimalize. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba upande wa bwana harusi wamejitoa, asubuhi ya siku ile ile niliyokuwa nikingoja. Akafungua fundo la kanga, akanipa shilingi tatu. Niliona haya, lakini nilizipokea, maana kodi ya chumba ilikuwa imefika.

Nilikuwa nageuka kuondoka binti yake, Mwanamkasi, alipotokea ukumbini.

"Bi Tabia, siku yangu ishalipwa?"

"Ishalipwa, mwanangu."

"Basi nipake."

Mama yake alishika kichwa. Kwetu mwari hapakwi hina ila kwa harusi yake. Mwanamkasi angesemwa mtaani, na mimi nisingeitwa tena na nyumba yoyote. Nikamwambia hina yenyewe imeharibika, haitashika.

"Najua," akasema. "Nipake hiyo hiyo."

Bi Mwanakheri akatia komeo mlango.

Niliizimua kwa maji, nikampaka mikono na miguu, maua na majani yote niliyokuwa nayajua. Sijapata kuchora vizuri kama siku ile. Alipoosha ilibaki manjano kidogo, kama mtu aliyetwanga bizari. Aliitazama mpaka nikalia mimi, si yeye.

Sharti langu sikulifuta. Ila mpaka leo, nikienda kudai siku yangu, bakuli nalichukua, wala si kwa ushahidi.