Mavazi Manne ya Buddha wa Zumaridi

Mimi Bangkok sijafika. Lakini watu kumi na mmoja wa hapa Johannesburg wameikariri kutoka kwenye karatasi yangu, na leo mchana mstari mmoja tu wa karatasi hiyo umenitetemesha mpaka meno.

Duka langu liko Turffontein. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nawachapia watu barua. Bi Mayasa alikuja mwaka jana na maneno yake laini ya Kidaresalaam. Anawapeleka vijana Bangkok kwenye kazi za hoteli, alisema, ila wanaingia kama watalii.

"Kaka Bakiri, wakiulizwa uwanja wa ndege wamefuata nini, wasibabaike. Waandikie historia ya mji na vivutio vyake, kwa Kiswahili kwanza, kiwaingie. Wewe una kalamu."

Mimi ukinisifia kalamu umenimaliza. Nikafungua mtandao nikaandika kurasa mbili, tena kwa mbwembwe. Jinsi mfalme Rama wa Kwanza alivyouhamishia mji mkuu ng'ambo ya mto mwaka 1782 akajenga Kasri Kuu. Sanamu ya Buddha aliyelala katika hekalu la Wat Pho, mita arobaini na sita kichwa hadi nyayo. Mnara wa Wat Arun uliopambwa kwa vipande vya vyombo vya Kichina. Nikafika kwa Buddha wa Zumaridi, sanamu ya hekalu la Kasri Kuu, ambaye mfalme humbadilisha nguo kila msimu unapogeuka. Misimu mingapi? Sikwenda kutazama. Mtu wa Tanga kama mimi nikatazame misimu? Nikaandika: mara nne kwa mwaka, kaskazi, masika, kipupwe na vuli.

Leo zamu ilikuwa ya Zuhura, binti wa dada yangu. Mimi mwenyewe ndiye niliyempeleka kwa Bi Mayasa, na pasipoti yake iko kwenye mkoba wa mama huyo. Zuhura alikuwa amekalia sanduku lake pale dukani akisubiri gari la kumpeleka uwanja wa ndege, karatasi mkononi, midomo inacheza. Simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa Shufaa, shoga yake aliyetangulia miezi mitatu iliyopita, ambaye wiki mbili hizi alikuwa kimya.

"Zuhura wangu, Bangkok pazuri jamani! Jana tulikwenda kumwona Buddha wa Zumaridi. Mfalme humbadilisha nguo mara nne kwa mwaka, kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Tumemkuta na nguo za vuli. Njoo upesi. Msalimie mjomba Bakiri, mwambie yote aliyoyaandika tumeyaona."

Kichwa kilinivimba kwa sifa. Nikataka na mimi nizione hizo nguo za vuli. Nikatafuta kwenye kompyuta. Picha zikaja: vazi la joto, vazi la mvua, vazi la baridi. Matatu. Nikatafuta tena, Kiingereza, hata Kifaransa changu cha kuokoteza. Matatu.

Kwanza niliona aibu, sitadanganya. Aibu ilipopoa ndipo hofu ikaingia. Nguo za vuli hazipo. Hazijawahi kuwapo popote ila kwenye karatasi yangu. Sasa Shufaa alizionea wapi?

"Rudia hiyo sauti," nikamwambia Zuhura.

Nikasikiliza kwa makini. Nyuma yake kulikuwa na sauti nyingi, watu wengi wakizungumza kwenye simu kwa wakati mmoja. Na kabla ya "njoo upesi" mwanamume alikohoa, karibu kabisa na simu.

"Zuhura, huendi."

"Mjomba! Baada ya kuniagia kwa mama?"

Nikamweleza kwamba nguo za vuli nilizibuni mimi, na Shufaa anasomeshwa karatasi yangu. Akacheka, kisha akakasirika. Umekosea wewe, akasema, Shufaa naye kakariri kosa lako, basi, nani anahesabu nguo za sanamu?  Simu ikalia tena, safari hii Bi Mayasa. "Niko hapo kwenye robot, taa za barabarani zikiruhusu nimefika. Mtoe nje na sanduku lake."

 Nikamwambia Zuhura: "Muulize Shufaa jambo moja ambalo sikuliandika. Muulize kama mlangoni pa hekalu viatu vinavuliwa. Kila aliyeingia anajua, kama msikitini."

Akaandika, ili anyamazishe uzee wangu. Tukaona Shufaa anaandika. Akaacha. Akaandika tena. Akaacha. Nje gari lilisimama, honi ikapigwa mara mbili.

Jibu likaja. *Viatu vyangu walichukua siku ya kwanza. Sijatoka ndani.*

Tulilisoma wote wawili, vichwa vimegusana. Kabla Zuhura hajavuta pumzi, maneno yalitoweka, ikabaki taarifa kwamba ujumbe umefutwa.

Niliuvuta mlango wa bati mpaka chini nikatia kufuli.  Bi Mayasa aligonga taratibu, kwa kiganja.

"Kaka Bakiri, fungua. Ndege haingoji mtu." Kisha, kwa sauti ileile laini: "Pasipoti ya mtoto ninayo mimi. Na karatasi umeiandika wewe, kaka. Tuseme nini sasa?"

 

Zuhura alikuwa ameshuka kwenye sanduku, ameketi sakafuni, amevishika viatu vyake kwa mikono miwili kana kwamba mtu anamvua. Akaninong'oneza.

"Mjomba. Kabla yangu, umewaandikia wangapi?"

"Kumi na mmoja," nikasema.

Bi Mayasa akagonga tena.