Kilima cha Hamadi

Rafiki yake, Hamadi, alipoteleza kwenye barafu ya Ruwenzori asionekane tena, Kyungu aliacha kupanda milima, akarudia kazi yake ya kuchora ramani. Kilima kimoja karibu na Mutoshi alikipa jina la Hamadi. Zena, mjane wa marehemu, akawa anakwenda pale kuomba dua.

Mwaka huu kampuni yake ya ramani ilimpandisha ndege apige picha upya. Mahali pa kilima aliona shimo la mgodi.

“Tata Kyungu, utoe ile jina,” mkuu wake alimwambia. “Kilima haiko tena.”

Akalifuta, kisha akaenda kumweleza Zena.

“Ramani yako njo iliwaonyesha watu wa mgodi njia,” Zena alisema, akafunga mlango.

Kyungu hakubisha. Ilikuwa kweli.