Swichi ya Ijumaa

Kosa lenyewe lilimalizika haraka kuliko chafya. Sitara alifungua kisanduku cha Path kwenye kompyuta kuukuu ya dukani, maandishi yote yakawa yamejichagua yenyewe kwa rangi ya bluu, naye bila kutazama akaandika anwani ya folda ya Python, lugha ya kuandikia programu anayojifunza, na kubonyeza OK. Alitakiwa kuongeza, yeye akafuta. Anwani zote ambazo kompyuta huzifuata kutafuta programu zake zikatoweka, ikabaki moja tu, ya kwake.

Hakujua mpaka alipofungua programu ya kudarizi, ikakataa, ikaandika kwamba haioni vifaa vyake. Kwenye mashine kulikuwa na kanzu ya bwana harusi, shingo bado tupu, mwenyewe anaifuata Alasiri na ndoa ni usiku huohuo. Na Mzee Abdulkadiri, mwenye duka, alimruhusu kujifunzia kompyuta ile kwa sharti moja tu: kazi za watu zisiharibike.

Na huyu ndiye Sitara aliyemnunia fundi Fikirini wiki nzima kwa kufuta urefu wa mkono wa mteja! Duka lao pale Kariakoo huandika vipimo vya wateja ukutani kwa chaki, na havifutwi mpaka nguo itoke mlangoni. Leo aliyenuna mwenyewe amefuta ukuta mzima wa kompyuta.

Akampigia Ridhiwani, anayemfundisha kompyuta jioni huko Magomeni.

"Ridhi, nimekwisha. Nimefuta Path yote. Nazima niwashe upya."

"Thubutu! Lile dirisha jeusi la kuandikia amri ulilifungua lini?"

"Asubuhi, kabla sijafuta. Bado liko wazi."

"Basi una bahati. Lilichukua Path ya zamani lilipofunguka, na halijui kama umefuta. Andika path humo, itatokea yote, ukopi, uirudishe. Ila ukizima tu, imeenda."

Sitara akainua macho. Mzee Abdulkadiri, amevaa kanzu na kofia, alikuwa ameshafika kwenye swichi kubwa ukutani. Adhana ya Ijumaa ilishamalizika. Duka lake la kwanza, kule Gerezani, liliungua kwa hitilafu ya waya yeye akiwa msikitini, na tangu hapo haondoki akaacha umeme unawaka. Kila Ijumaa huzima mwenyewe, na wafanyakazi hukaa kibarazani kumsubiri.

Angeweza kunyamaza. Kariakoo kitu kikifa hulaumiwa umeme, na nani angebisha? Wazo hilo lilimjia, tena lilimpendeza, na hapo akaogopa zaidi.

"Mzee, usizime! Nimeharibu mimi. Nilikuwa naongeza mstari wa masomo yangu kwenye kompyuta, nikafuta ule wa zamani, na ukizima sitaupata tena. Kanzu haitadariziwa."

Mzee akageuka polepole. "Umefuta bila kuandika pembeni?"

"Ndiyo, Mzee."

Hakugomba. Mkono wake ulikuwa bado juu ya swichi. Kisha akautoa.

"Kaa hapa. Usiondoke hata kwenda msalani. Ukisikia harufu ya waya, zima, kanzu baadaye."

Akatoka, akageuka nyuma mara mbili kabla hajapotea kwenye watu.

Sitara akaandika path. Maandishi yakajaa dirisha jeusi. Akayakopi, akakagua mwanzo na mwisho, akayabandika kwenye kisanduku cha Path, akakagua tena, akabonyeza OK huku amefumba macho. Akaifungua programu. Ikafunguka. Sindano ilipoanza kuchoma shingo ya kanzu, alilia bila aibu, huku pua yake ikinusa nusa hewa.

Mzee alirudi anakaribia kukimbia. Alisimama mlangoni, akavuta hewa kwa nguvu, ndipo akaingia kuitazama kanzu. Darizi ilikuwa imefika nusu.

"Na ule mstari wako wa masomo, umeuweka?"

"Hapana. Naogopa."

"Mimi leo nimeswali sijui hata nimesoma nini, mwanangu, kwa woga." Akaokota chaki mezani, akampa. "Andika kwanza ule wa zamani, wote, pale ukutani. Halafu uongeze wako."

Sitara akaandika chini ya vipimo vya bwana harusi, herufi moja moja, na Mzee akasimama pembeni akimsomea kutoka kwenye kioo cha kompyuta.